Kikundi: Ukoo wa Uyole

Mama Amba: Jamani, Amba ameamka saa kumi usiku miguu haina nguvu kabisa. Anaongea vizuri, ukimfinya anasikia, ila mapaja hayanyanyuki. Tumembeba kwa bajaji, tuko hospitali ya rufaa.

Baba Mdogo Uswege: Pole sana shemeji. Jana si alishinda anapakia lumbesa za viazi?

Mama Amba: Ndiyo. Akarudi, akala wali mwingi na soda mbili, akalala.

Shangazi Sekela: Kijana mzima apooze usiku mmoja? Hapana, kuna mkono wa mtu hapo.

Atupele: Shikamoo shangazi. Maombi tuendelee, ila majibu ya damu yametoka: potasiamu, yale madini yanayofanya misuli na moyo vifanye kazi, iko 2.1, na haitakiwi kushuka chini ya 3.5. Mapigo ya moyo yako juu, mikono inatetemeka. Daktari anashuku tezi ya shingo inazalisha homoni kupita kiasi. Damu ya kupima tezi imeshachukuliwa.

Mama Amba: Mwanangu amekonda tangu Machi. Na baridi yote hii ya Juni yeye analowa jasho! Tulijua ni kazi.

Baba Mdogo Uswege: Kama ni potasiamu, naagiza mkungu wa ndizi Tukuyu leo leo.

Atupele: Hapana baba mdogo, hapo naomba mnisikilize. Potasiamu haijaisha mwilini, imehamia ndani ya seli. Homoni ya tezi ndiyo inayoisukuma humo, na wanga mwingi au kupumzika baada ya kazi nzito huchochea. Baadaye inarudi yenyewe kwenye damu. Mkiwa mmemjaza nyingine, inazidi, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana anapewa kidogo kidogo huku mashine inasoma moyo. Wamempa na propranolol, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo.

Shangazi Sekela: Tezi si ya sisi wanawake?

Atupele: Tezi yenyewe hutupata sisi zaidi. Lakini kupooza huku ni wanaume hasa, miaka 20 hadi 40.

Mama Amba: Amesimama! Asante Mungu! Anataka kutoka, eti kesho gari la viazi linaondoka.

Atupele: Mama mkubwa, mzuie. Nguvu zimerudi ila tezi haijatibiwa, hili litajirudia. Hadi tezi itulie, lumbesa asiziguse.

Baba Mdogo Uswege: Gari nitasimamia mimi. Shemeji, nilete nini wodini?

Mama Amba: Blanketi na chupa ya uji.

Atupele: Uji usitiwe sukari. Na soda isimfikie.