Leseni ya uuguzi inatosha kusimama kaunta ya duka la dawa muhimu?

Kibatari:
Wakuu, mtoa dawa wa DLDM (Duka la Dawa Muhimu, Tanzania Bara) akiacha kazi ghafla, mwenye duka anaruhusiwa kumweka muuguzi mwenye leseni halali wakati anatafuta mwingine? Kibali cha duka hakijaisha. Halafu, mteja akija na cheti cha daktari, anaweza kuuziwa sindano ya seftriaksoni (antibaiotiki)?

Mkaguzi_mstaafu:
Kibali kuwa hai hakumbebi mtu wa kaunta. Jengo linaangaliwa kivyake, mtoa dawa kivyake. Leseni ya uuguzi ni ya kuuguza. Kaunta inataka cheti cha utoaji dawa kinachotambuliwa na Baraza la Famasi. Muuguzi aliyepita mafunzo hayo, sawa. Asiyepita, hata awe na diploma, hapana. Mkaguzi akiingia huanza na cheti kilichobandikwa ukutani, kisha anamtazama aliyevaa koti jeupe: ndiye huyu? Mwarifu Mfamasia wa Wilaya kwa maandishi, na ufunge mpaka upate mtu. Kufunga siku chache kuna hasara, lakini hasara hiyo unaijua ukubwa wake.

Bi_Mizani:
Seftriaksoni hapana, cheti kiwepo kisiwepo. DLDM zilianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu maduka ya dawa baridi (zisizohitaji cheti cha daktari) yalikuwa yanauza antibaiotiki kwa kificho. Ndipo ikaruhusiwa orodha fupi ya dawa za cheti: amoksilini, kotrimoksazoli, doksisaiklini, dawa mseto ya malaria na nyingine chache. Cheti cha daktari hakirefushi orodha hiyo. Mwelekeze famasi. Na kumdunga mteja chumba cha nyuma ni kosa jingine kabisa.

Kibatari:
Asante. Ila kuhesabu vidonge muuguzi anashindwaje?

Bi_Mizani:
Kuhesabu si tatizo, ndugu yangu. Chukua ALu, ile dawa mseto ya malaria: mtu wa kilo 35 na zaidi anameza 4 kwa mara moja, mara 6, jumla 24. Dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya ya kwanza, zinazofuata kila baada ya saa 12. Mteja mzima anakuja na hela ya vidonge 12 anataka "nusu dozi". Anayemkatia hajui kwamba hiyo ni pakiti ya mtoto wa kilo 15 hadi 24. Homa inatulia, siku chache baadaye vimelea vinarudi.

Mkaguzi_mstaafu:
Tunza na ankara za manunuzi zenye namba ya toleo. Dawa isiyo na ankara huondoka na mkaguzi.