Buti la lita 130, hema moja na watu wawili: je, tunaweza kuvuka Alpi kwa gari la spoti?

Mwalimu wa Wete

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Mimi na mke wangu tunaishi Wete, sote ni walimu wa skuli, na Mungu akipenda katikati ya mwezi wa Juni tutakwenda Ulaya kwa siku 16. Kaka yake mke wangu ni mkaazi wa Munich kwa miaka mingi, naye ametuahidi gari lake tutembee nalo. Nilidhani ni gari la kawaida la kwendea sokoni mpaka alipotuletea picha: ni Mazda MX-5, gari la spoti lenye viti viwili, paa la turubai, na buti ambalo kwa maelezo ya kiwandani lina ujazo wa lita 130. Kwa asiyezoea hesabu za lita, hiyo ni kiasi cha magunia mawili ya mchele ya kilo 50, na buti lenyewe halina umbo la gunia.

Mke wangu ameshaipanga njia. Anataka tutoke Munich tuingie Austria tupande barabara ya Grossglockner, tupite njia ya mlimani ya Stelvio nchini Italia, tukate Uswisi, kisha tufike Ufaransa kwenye ziwa la Annecy kabla ya kurudi. Kwa kuwa hoteli za Uswisi hazipatani na mshahara wa skuli, tumekubaliana kwamba tutalala katika hema, na hapo ndipo palipo na swali langu. Wavuvi wetu wanapokwenda dago hubeba chungu, mkeka, maji na tanga la kujikingia, wakalala ufukweni pale upepo ulipowafikisha. Je, huko nako mtu anaweza kusimamisha gari kando ya njia akatandika? Na je, vitu vya kulalia na kupikia vya watu wawili vitaingia katika gari hilo, au tunajidanganya?

Fundi wa Mwanakwerekwe

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Mimi nitasema kwa upande wa spana tu, mengine nawaachia waliosafiri.

Gari hilo halina tairi la akiba. Mahali pake kimewekwa kichupa cha gundi pamoja na pampu ndogo ya umeme. Gundi huziba tundu la msumari, lakini ubavu wa tairi ukichanika haisaidii kitu, na mtakaa hapo mkisubiri gari la kuvuta. Tena gari liko chini mno, kwa hivyo kila mtakapoingia kwenye kiwanja chenye nyasi ndefu, mmoja wenu ateremke atangulie kwa miguu kuangalia kama kuna jiwe au kisiki.

Ninachokiogopa zaidi ni mteremko. Kilele cha Stelvio kiko mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kijiji cha Prato peke yake una kona 48 za kujikunja kama kiwiko. Mpemba atasema kwamba amezoea vilima, lakini kilima cha Pemba huisha kabla ya breki kupata moto. Njia uliyoichagua hupandwa upande wa Prato na kuteremkwa upande wa mji wa Bormio, na huko nako kona ni nyingi. Ukishuka, tia gia ya pili mapema, iache injini ikushikilie, na breki uikanyage kwa kuigusa na kuiachia, si kuilalia mguu. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, tafuta pa kusimama upumzike hata robo saa. Na usisahau kwamba huko wanapita kulia, usukani uko kushoto na gia unaitia kwa mkono wa kulia. Dereva wa kwetu akichoka, mkono wake wa kushoto huanza kutafuta gia mlangoni.

Ningekuwa mimi ningemwomba shemeji anitafutie gari lenye buti la kweli. Spoti ni gari la mtu mmoja na mswaki wake.

Mkaazi wa Hamburg

Fundi amesema kweli kuhusu breki, lakini kuhusu mswaki nampinga, kwa sababu mimi na mke wangu tulisafiri na gari la aina hiyo hiyo mwaka juzi kwa siku 11, na tukarudi tukiwa bado tunasemezana.

Masanduku yenu ya ndege yaacheni Munich. Buti lile ni la kina lakini lina pembe na mabonde, na sanduku moja gumu linalifunga lote huku robo yake ikibaki tupu. Sisi tulitumia mifuko laini midogo midogo, tukaisukumiza moja moja kama mtu anayejaza foronya ya mto: viatu pembeni, sufuria moja ambayo ndani yake mna jiko la gesi na vikombe, nguo katikati, na mifuko ya kulalia mwisho kabisa kwa sababu hiyo hubanika. Hema letu la watu wawili likikunjwa lilikuwa na ukubwa wa boflo mbili zilizolazwa pamoja. Jambo jema la gari hilo ni kwamba paa likikunjwa hukaa nyuma ya viti na halili nafasi ya buti, kwa hivyo mnaweza kwenda wazi huku mizigo imejaa.

Kosa letu lilikuwa usiku wa kwanza. Nililiweka hema chini kabisa kwa kuwa ndilo zito, na tulipofika kiwanjani mvua ilikuwa inashuka. Ilinibidi nitoe kila kilichomo ndipo nilifikie, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuviweka, mke wangu alikaa kitini amepakatishwa mifuko mitatu, sufuria iko kifuani na viatu vyangu viko juu ya goti, akinitazama kupitia kioo bila ya kusema neno. Tangu siku ile hema likawa la mwisho kuingia na la kwanza kutoka.

Baridi msiidharau. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hivyo usiku wa Juni ulio mzuri Munich huwa wa kutetemesha meno mkilala juu milimani. Baridi inayoumiza haitoki juu bali ardhini, na godoro la kupuliza ambalo ndani yake mna hewa tupu halizuii. Tafuteni lile lenye utando wa kuhifadhi joto. Mfuko wa kulalia nao huandikwa namba mbili za baridi, moja ya kulala kwa raha na nyingine ya kustahimili tu. Muuzaji atakuonesha ile ya pili, wewe soma ya kwanza. Asubuhi mkidondokewa na maji usoni msiseme kwamba hema linavuja, kwani ni pumzi zenu wenyewe zimegandia kitambaani. Acheni tundu la hewa wazi hata kama ni baridi.

Kuhusu kulala popote, ndugu Mwalimu, dago la huko lina mwenyewe. Norwe na Uswidi ndiko kuliko na haki ya kila mtu kupita na kulala katika ardhi isiyolimwa, na Norwe sharti ukae mita 150 au zaidi kutoka kwenye nyumba inayokaliwa na usizidishe siku mbili mahali pamoja bila ya ruhusa ya mwenye ardhi. Njia yenu haiko huko. Katika nchi mlizozitaja, kusimamisha hema kando ya barabara mara nyingi kumekatazwa, na sheria hubadilika mkoa kwa mkoa, basi laleni kwenye viwanja vya kambi. Hulipiwa kwa kichwa, kwa hema na kwa gari, na mna maji ya moto, vyoo na masinki ya kuoshea vyombo. Wekeni sarafu, maana mabafu mengine hayafungui maji bila ya kutiwa sarafu.

Gesi hairuhusiwi ndani ya ndege, kwa hivyo mnunue huko, na kopo lake lilingane na jiko: mengine ni ya kukaza kwa parafujo na mengine ni ya kubana, na la Ujerumani huenda msilipate Ufaransa.

Mama Abdalla, Malindi

Mwanangu Mwalimu, wanaume wamesema ya breki na sufuria, mimi nina ya mkeo.

Kwanza, mtandio hautulii katika gari lisilo na paa. Niliwahi kupakiwa na mkwe wangu katika gari la namna hiyo, na mtandio wangu wa hariri ulikuwa wa kwanza kufika tulikokuwa tunakwenda. Avae wa pamba wenye kofia ya ndani, aufunge shingoni, na barabara kuu mfunge paa. Pili, achukue doti mbili za kanga, asisikilize habari za lita. Kanga ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo ndani ya gari, ni msala, na ikikunjwa ni mto.

Ama sala, mjipange mapema. Mwezi wa Juni huko jua huzama baada ya saa 3 usiku na kutoka mapema, hivyo baina ya isha na alfajiri hamna usingizi wa kutosha. Jifunzeni hukumu za msafiri, kukusanya na kupunguza, kabla hamjaondoka. Tena kibla msikifuate kwa mazoea. Kwetu tunaelekea kaskazini, na huko kiko upande wa kusini mashariki, na nimemuona mtu mzima akisali siku nzima akiwa ameipa Makka mgongo.

Karani Mstaafu

Nitaongeza ya karatasi kwa ufupi. Viza moja ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, inatosha kwa nchi zote tano, Uswisi ikiwemo, na huombwa kwa nchi ambayo mtalala siku nyingi zaidi. Inataka bima ya safari isiyopungua Yuro 30,000 na uthibitisho wa malazi, kwa hivyo viwanja vya kambi mviwekee nafasi mapema na muambatanishe barua zake. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na msingoje siku 15 za mwisho.

Shemeji wenu aiulize bima yake ya gari kama inamruhusu mtu mwingine kuendesha, na aandike barua ya idhini. Leseni ya kwetu iende pamoja na kibali cha kimataifa. Uswisi huuza stika ya kulipia barabara kuu, ya mwaka mzima tu, faranga 40, hata ukikaa siku mbili. Austria ina za siku chache. Grossglockner ina malipo yake mbali na stika, na hufungwa usiku.

Mwalimu wa Wete

Nawashukuru nyote. Jana baada ya laasiri tulipiga chaki sakafuni barazani, tukapanga mabuku ya skuli kufanya kuta za buti, tukaanza kutia vitu. Hema la kuazima liliingia, na nguo pia ziliingia baada ya mimi kutoa suruali mbili. Kanga za mke wangu hazikuguswa, kwa heshima ya Mama Abdalla. Fundi, gari hatutabadilisha, lakini nimeanza kushuka kwa gia ya pili hapa hapa Wete na jirani ameniuliza kama breki zangu zimekufa.

Kilichobaki juu ya mkeka ni dele la kahawa la marehemu mama yangu. Mke wangu anasema haliingii, na mimi nasema litakaa miguuni pake. Mkaazi wa Hamburg, sehemu hiyo ya miguu ya abiria ina nafasi kiasi gani?