MREJESHO: Rufaa yangu ya kufukuzwa kazi manispaa

Ndugu zangu habari zenu, mimi ndo yule karani wa manispaa niliyeuliza hapa mwaka jana, tume ya utumishi ya wilaya (ile inayoajiri na kufukuza watumishi wa wilaya na manispaa hapa Uganda) imenifukuza bila kunisikiliza, nifanyeje. Wengine mlisema nikimbilie kotini, ila dada mmoja akanishauri nianze na rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma kule Kampala maana ndo inasikiliza rufaa za watu walioajiriwa na tume za wilaya, nikamfuata yeye. Barua sikujaza malalamiko, nilishika pointi moja tu, kwamba sikupewa tuhuma kwa maandishi wala nafasi ya kujitetea, nikataja Katiba ya Uganda ya 1995 ibara ya 42 (haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za serikali) na 173 (mtumishi wa umma asifukuzwe bila sababu ya haki), nikabaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hiyo kopi jamani ndo iliniokoa, kwa sababu baadaye wilayani walidai hawajaona kitu chochote.

Nimerudishwa kazini! Malimbikizo ya mshahara ndo bado, wanasema bajeti haina, nimeshamwandikia karani wa mji (town clerk, yule mkuu wa watumishi wa manispaa) mara mbili, nasubiri. Dada yangu, asante sana, watoto wamerudi shule.