Ushauri: kipande kimoja cha modeli ya ndege hakimo kwenye boksi, nitakipata wapi?

Plastiki Baridi (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Nina modeli ya ndege skeli 1/32, ya bei mbaya, na kuna kipande kimoja hakimo. Mwenye mzigo anaitaka mwisho wa mwezi. Stika zipo, injini imekamilika, nyaya upande wa kulia nimeshafunga. Naomba mnijuze: hizi kampuni za modeli huuza kipande kimoja kimoja? Na wanatuma Dar? Usingizi sipati wakuu.

Mzee wa Msasa
Kampuni gani? Kipande gani? Bila hayo mawili hakuna wa kukusaidia hapa.

Msomi wa Maelekezo
Anza na Tamiya, kampuni ya Japan, maana utaratibu wao umenyooka kuliko wengine. Fungua mwisho wa kijitabu cha maelekezo, kuna kadi ya huduma yenye orodha ya fremu, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande, na kila moja ina namba yake ya oda. Hawakuuzii kipande kimoja, unanunua fremu nzima. Ukitaka usukani wa milimita 5 unaletewa fremu A yote.

Wanapokosea watu ni hapa: namba iliyochapwa pembeni ya kipande, kwa mfano A12 au C7, siyo namba ya oda. Ukiagiza andika namba ya boksi yenye tarakimu tano, herufi ya fremu, kisha namba ya oda kutoka kwenye ile kadi. Na kama ramani ya fremu inaonyesha ×2, uliza kabisa kama bei ni ya moja au ya jozi.

Eduard wa Czech wana kitu kinaitwa Overtrees. Ni fremu za plastiki tupu, bila stika wala maelekezo, kwa bei ya chini kuliko boksi kamili. Ukiharibu bawa na kiwiliwili kwa pamoja, hiyo inakulipa kuliko kuhangaika na kipande kimoja kimoja. Airfix na Revell wao unawaandikia huduma kwa wateja mtandaoni. Weka tayari namba ya boksi na risiti, na boksi liwe la toleo ambalo bado liko sokoni. Modeli iliyoacha kutengenezwa miaka mingi, hata wakikuonea huruma fremu hawana.

Halafu usiombe wakuwekee gundi au rangi ya enameli kwenye bahasha hiyo hiyo. Vinawaka, posta ya ndege haivipokei, mzigo wote unakwama.

Plastiki Baridi
Asante sana mkuu, nimejifunza. Ila yangu siyo Tamiya. Wala Eduard.

Mzee wa Msasa
Unatutajia zisizo. Taja iliyo.

Plastiki Baridi
Wingnut Wings. Fokker D.VII, ile ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Kwanza. Kinachokosekana ni nguzo ya N ya kushoto, ile inayosimama kati ya bawa la chini na la juu. Sikutaja mapema kwa sababu nilijua mtaanza kunisema.

Mzee wa Msasa
Sasa hilo ndilo lilikuwa swali lote. Wingnut Wings ya New Zealand ilifunga milango 2020. Ilipokuwa hai huduma yake ya vipuri ilisifiwa. Leo hakuna ofisi ya kuandikia. Waliokuwa wafanyakazi wake wakaanzisha Kotare, lakini hiyo ni kampuni nyingine yenye modeli zake, usiwaandikie wakutafutie nguzo ya Fokker.

Kwa hiyo unabaki na soko la mitumba. Wingnut walitoa D.VII kwa matoleo kadhaa: ya Fokker wenyewe, ya Albatros, ya OAW (viwanda vilivyounda ndege hiyo), na ile ya F yenye injini ya BMW. Ndege zenyewe zilitofautiana zaidi kwenye vifuniko vya injini na bomba la moshi, ndiyo maana fremu nyingi ni za pamoja. Usitafute boksi kama lako. Tafuta gofu lolote la D.VII, yaani modeli iliyovunjika, au mtu aliyejenga akabakiwa na fremu. Kwenye tangazo weka picha ya ukurasa wa ramani ya fremu na uzungushie kipande kwa kalamu nyekundu. Ukiandika tu "natafuta nguzo", utaletewa nguzo za kiwiliwili zile fupi za katikati.

Dada Bati
Hela ya kidege kimoja watu wanaezeka banda la kuku. Halafu usingizi hupati kwa ajili ya kijiti! Haya, mwenye mzigo anajua kwamba kipande hakipo?

Plastiki Baridi
Atajua ikikamilika.

Dada Bati
Hapo hapo ndipo usingizi ulipoishia. Mpigie leo. Mteja akiambiwa mapema anakuongezea muda, akigundua mwenyewe anakudai pesa yake.

Rufiji Delta
Mimi swali langu ni kwa nini kila siku Fokker na Spitfire. Königsberg, manowari ya Wajerumani, ilizamishwa na wenyewe tarehe 11 Julai 1915 hapo hapo Rufiji, baada ya kupigwa na meli za Waingereza, Severn na Mersey. Mizinga yake ya milimita 105 ikaopolewa na kukokotwa nchi kavu hadi mwisho wa vita, mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, nenda kaupime kwa futi bure. Au meli ya Liemba ya Kigoma: iliundwa Papenburg 1913, ikazamishwa 1916, ikarudi kazini 1927. Ukijenga vya kwetu kwa bamba la plastiki, hakuna cha fremu kukosekana, kila kipande unakata mwenyewe.

Msomi wa Maelekezo
Mkuu Rufiji mada nzuri, ifungulie uzi wake.

Rezini Pwani
Ndugu yangu mleta uzi, usitafute hata hilo gofu. Nguzo ya kulia unayo, toa nakala. Nguzo ya N ni kitu bapa, na pande zake mbili za ubapa zinafanana, kwa hiyo ya kulia inakaa hata kushoto. Cha kuangalia ni pini za ncha tu: zikiwa zimeinamishwa upande mmoja, zikate kwenye nakala uweke za waya.

Tengeneza kiboksi cha kadi ngumu kikubwa kuliko nguzo kwa sentimita moja kila upande. Jaza nusu kwa udongo wa kuchezea wa watoto, lalisha nguzo izame hadi katikati ya unene wake, toboa vishimo vitatu vinne vya kulinganishia, mimina silikoni. Ikikauka pindua, bandua udongo, paka vaselini nyembamba juu ya silikoni, kisha mimina nusu ya pili. Usipopaka hiyo vaselini, nusu mbili zinashikana kuwa tofali moja.

Silikoni zipo za aina mbili. Ya bati inavumilia. Ya platinamu haikauki ikigusa udongo wenye salfa, inabaki utelezi pale pale penye umbo lako. Na rezini ya poliurethani, ile plastiki ya maji utakayomimina kwenye umbo kupata nakala, inachukia unyevu. Kwa hewa yetu ya Pwani, kopo likishafunguliwa likakaa wiki kadhaa, ukimimina linatoa povu kama soda. Nunua makopo madogo, funga mara moja, mimina mchana wa jua. Kabla ya kumimina laza waya wa milimita 0.5 ndani ya kila mguu wa N, maana rezini nyembamba bila waya inavunjika ukiitazama.

Plastiki Baridi
Hii njia nimeipenda, shida nguzo ya kulia siwezi kuitoa.

Rezini Pwani
Kwa nini?

Plastiki Baridi
Bawa la juu limeshakaa.

Mzee wa Msasa
Limeshakaa au umeshaligandisha?

Plastiki Baridi
Nimegandisha. Lakini msinihukumu, nguzo fupi za katikati zinalibeba vizuri, halitikisiki. Ningesubiri mpaka lini? Pia kuna jamaa wa Uingereza ana fremu yenyewe, ameomba pauni 40 kwa fremu hiyo moja na nusu nimeshamtumia. Ni mtu mzuri, tunaongea vizuri tu.

Msomi wa Maelekezo
Nusu umetuma kwa njia gani? Kama ni PayPal ya rafiki na familia, hiyo haina ulinzi wa mnunuzi, hata akikutumia bahasha ya hewa huna pa kulalamika. Kabla ya nusu ya pili mwambie apige picha ya fremu ikiwa juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, kwa mkono wake. Fremu ionekane nzima, na ile N ionekane bado imeshika kwenye fremu. Wapo wanaouza fremu yenye kila kitu isipokuwa kile ulichokifuata.

Plastiki Baridi
Nikimuomba picha ataona simwamini.

Dada Bati
Na wewe unamwamini? Umemjua lini?

Tomaso Jicho
Wakuu mnapoteza muda. Hii ni chai.

Rudini bandiko la kwanza: "nyaya upande wa kulia nimeshafunga". Fokker D.VII haina nyaya kati ya mabawa. Mabawa yake yanajibeba yenyewe kwa mihimili ya ndani, ndiyo sifa iliyoitofautisha na Albatros na SE.5a. Mtu aliyeishika D.VII mkononi hawezi kuandika hivyo. Kwanza kampuni ilifichwa, kisha kipande, kisha gundi, sasa kuna mzungu wa pauni 40. Kesho italetwa namba ya kuchangia.

Rufiji Delta
Aisee. Nakazia.

Plastiki Baridi
Sijaomba mia ya mtu humu. Nyaya nilizosema ni za kwenye magurudumu.

Tomaso Jicho
Za magurudumu zinapita msalaba katikati ya miguu miwili. Hazina upande wa kulia.

Plastiki Baridi
Na za usukani wa mkia, zinatokea ubavuni kulia na kushoto. Hizo nilimaanisha.

Tomaso Jicho
Weka picha.

Plastiki Baridi
Mwenye mzigo hataki picha zitoke kabla hajaipokea.

Tomaso Jicho
Chai, na maandazi juu.

Rezini Pwani
Nyaya za usukani kweli zinatoka ubavuni, hapo hajadanganya. Picha ya bawa la chini peke yake haimtaji mtu, iweke yaishe.

Mzee wa Msasa
Iwe kweli iwe chai, atakuja mwingine na bawa lililogandishwa na nguzo haipo, na kwake haitakuwa chai. Mleta uzi, uligandisha kwa gundi gani?

Plastiki Baridi
Ile ya maji ya plastiki, ya brashi.

Mzee wa Msasa
Basi bawa halitoki. Ingekuwa supaglu ungeweka ndege kwenye friza saa moja, supaglu ikipoa inakuwa kavu na kwa kusokota kidogo inaachia. Gundi ya plastiki inayeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Na usije ukajaribu asetoni, inakula plastiki kabla haijafika kwenye kiungo.

Kwa hiyo hata huyo wa Uingereza akikuletea N halisi, haiingii kama kijitabu kinavyoonyesha, kwa sababu pini zake zinahitaji mabawa yaachane. Kazi ni ile ile ukiwa na ya kununua au ya kuchonga:

Chukua bikari, pima nafasi kati ya tundu la chini na la juu upande wa kulia, mguu wa mbele na wa nyuma, kisha pima kushoto. Zikipishana, bawa lako limeinama, na nguzo uikate kwa kipimo cha kushoto, usiikate kwa cha kulia. Usilazimishe bawa kupanda, utapasua nguzo za katikati.

Kama unachonga, chora N ya kulia kwenye karatasi ukiwa umeibandika nyuma yake. Miguu mitatu itoke kwenye neli ya brasi ya milimita 1.5. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu hafifu, iache ipoe, halafu iminye kati ya vibao viwili mpaka sura ya tone ifanane na ya kulia. Usipoipasha inapasuka kwenye kingo. Unganisha juu ya mchoro kwa lehemu, au supaglu kama huna mkono wa lehemu. Mzigo mkubwa wa bawa uko kwenye nguzo za katikati, kwa hiyo hii yako inabeba kidogo sana.

Pini za juu milimita moja, za chini nusu milimita, zisizidi. Tundu la juu lipanue kidogo. Kwenye bawa la chini, kutoka kwenye kila tundu kata mfereji mwembamba kuelekea ncha ya bawa, urefu milimita 6 au 7, kina nusu milimita. Ingiza pini za juu kwanza nguzo ikiwa imelala kwa nje, kisha sukuma ncha zake za chini ziingie ndani kwa kuteleza kwenye mifereji mpaka isimame. Tone la supaglu kwenye kila tundu. Mfereji ujaze kwa puti, msasa namba 1000 wa maji.

Kitakachokuumiza ni stika. Bawa la D.VII lina zile stika za rangi za pembe nyingi, na mfereji utakata mstari mmoja au miwili. Kata kiraka kutoka kwenye mabaki ya karatasi hiyo hiyo ya stika, fuata mistari ya mbavu za bawa ili kiungo kijifiche chini ya utepe wa ubavu. Usikate katikati ya pembe, itaonekana hata ukiwa mlangoni.

Plastiki Baridi
Asante mzee wangu. Mabaki ya stika yapo. Neli ya brasi ya kipimo hicho naipata wapi hapa mjini?

Rezini Pwani
Antena ya redio mbovu, ile ya kuvuta. Kipande cha ncha kwa kawaida hakina uwazi, chukua cha pili. Ni brasi iliyopakwa kromu. Ing'oe kromu kwa msasa kwanza, la sivyo lehemu haishiki. Pima kwa kalipa, ikizidi milimita 2 achana nayo, ukiiminya itakuwa pana kuliko nguzo ya kulia.

Plastiki Baridi
Sawa. Na ile nusu ya pauni 40?

Dada Bati
Umeshaambiwa, omba picha.

Tomaso Jicho
Akiipata aiweke na humu.