Maboya ya wageni Kisumu: nani alipe, na alipie nini?

Mwenye mada

Wakuu, naleta hoja ambayo najua itazua kelele. Nasema tuweke maboya ya kufungia yoti za wageni (vyombo vya matanga vya starehe) hapa Kisumu, machache tu ya kuanzia, kwenye Ziwa Victoria mahali fulani kati ya fukwe za Hippo Point na Dunga, na kila atakayelala hapo alipe. Si bure, wala si mia mbili ya chai.

Leo mtu akija kwa matanga kutoka Mwanza au Entebbe, au hata Mbita tu hapo, akiingia ghuba yetu ya Winam hana pa kufunga chombo mpaka awe na mwenyeji klabuni au apatane na mwenye gati. Desemba wageni wangu wawili walifika jioni, wakatozwa elfu mbili kwa usiku kwenye gati moja la binafsi, risiti hakuna. Saa nane usiku upepo ulipogeuka wakaamriwa waondoke kwa sababu chombo kilikuwa kinagonga mbao. Walitoka gizani, mvua inapiga, wakatafuta pa kutia nanga kwa tochi.

Kwa asiyejua, boya ninalosema si lile la kuonyesha njia. Chini kuna tofali kubwa la zege, juu yake mnyororo, kati kuna kiungo kinachozunguka ili mnyororo usijisokote, halafu boya lenyewe na kamba ya kudaka. Unafika, unadaka, unafunga, unalala.

Tena linaokoa nafasi. Penye kina cha mita 4, mwenye nanga ya kamba anashauriwa aachie kamba mara saba ya kina, yaani mita 28. Jumlisha chombo cha mita 10: upepo ukizunguka, anazoa duara lenye nusu kipenyo cha mita 38. Kwenye boya lenye mnyororo wa mita 8, chombo hichohicho kinazunguka ndani ya mita 18. Eneo linapungua zaidi ya mara nne. Na upepo wetu unazunguka kwelikweli. Mchana unavuma kutoka ziwani, jioni dhoruba zinashuka na ngurumo kutoka upande wa Nandi. Nanga iliyochimba kuelekea upande mmoja mchana ndiyo inayong'oka usiku.

Haya, nipingeni.

Nahodha wa Matanga

Ndugu, mimi ndiye huyo unayetaka kunitoza, kwa hiyo niruhusu nianze.

Nanga yangu naijua. Najua uzito wake, najua mnyororo niliununua lini, najua nimeachia kiasi gani. Matope ya Winam yanashika vizuri. Kazi ni kuing'oa asubuhi, unapandisha na nusu ya ziwa. Boya lako silijui. Naona plastiki juu ya maji, chini sioni kitu, maana maji ya ghuba ukizamisha mkono huvioni vidole. Kwa nini nilipe, tuseme elfu moja, kuweka chombo changu chote juu ya ahadi ya mtu nisiyemjua?

Umesahau pia historia ya maboya ya bure kwingineko. Kule Scotland shirika la umma la maendeleo liliweka maboya makubwa ya buluu kwa ajili ya yoti za wageni, watu wakafurahi. Kisha gharama ya kuyakagua ikawa mzigo, baadhi yakakabidhiwa vikundi vya wenyeji na mengine yakaondolewa. Hiyo ni nchi yenye yoti hadi za kumwaga. Sisi ukihesabu za wageni zinazoingia Kisumu kwa mwezi, vidole vinabaki.

Kijana wa Kondele

Yaani tunajadili maegesho ya yoti na mtaani kwangu mfereji unatoa maji siku mbili kwa wiki? Mko sawa?

Mama Samaki

Kijana wangu, maji ya mfereji ni haki yako na nitakusaidia kuyadai, lakini usifunge kila mlango kwa sababu mmoja haujafunguliwa. Mimi nakaanga samaki. Swali langu kwa mwenye mada ni moja: hawa wageni wanashuka? Maana wale niliowaona wana jiko ndani, friji ndani, kitanda ndani. Wanakuja nchi kavu kununua nyanya na kuchaji simu. Kama boya liko mbali na hakuna mashua ya kuwaleta, mimi pesa yao siioni.

Fundi wa Mashua

Nimesoma, sasa nizungumze mambo ya mikono.

Kwanza zege. Watu wanadhani tofali la tani moja ni tani moja hata majini. Si kweli. Linasukumwa juu na maji kama kitu kingine chochote. Likishazama linabaki na uzito wa kilo 580 hivi. Kinachosaidia ni matope: likikaa miezi linajizika, na kulivuta inakuwa kazi nyingine. Kwa hiyo usifunge chombo kizito kwenye boya lililowekwa wiki iliyopita.

Pili mnyororo. Hapa hatuna chumvi ya Mombasa, kutu inakwenda polepole, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mnyororo hauliwi na kutu tu, unaliwa na kusuguana. Kuna kipande kinachogusa chini, kinainuka mawimbi yakija na kulala yakitulia, siku nzima, kila siku. Pete za hapo zinalika hadi zinakuwa nyembamba, huku za juu zikionekana mpya. Mpiga mbizi lazima ashuke, na kwa maji yetu atafanya kazi kwa kupapasa: apime pete kwa kifaa cha kubana, aangalie kama pini ya kiungo imefungwa kwa waya. Waya huo ni wa shilingi chache tu, ila ukikatika pini inajifungua yenyewe.

Tatu gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani, ambalo hakuna aliyelitaja. Mkeka wa gugu ukisukumwa na upepo ukaja kukiegemea chombo kilichofungwa, si upepo tena unaovuta mnyororo, ni shamba zima. Mwenye nanga anaweza kuing'oa akaondoka. Aliyelala kwenye boya akiamka yuko katikati ya majani na kamba imekaza kama chuma. Panapowekwa maboya pawe mahali ambapo gugu halijazoea kulundikana, na hapo wavuvi wanajua kuliko ramani yoyote.

Sasa hesabu. Hii ni ya mfano, msiniulize risiti. Tuseme boya zima na kazi ya kulizamisha ni 150,000, na linadumu miaka mitano kabla ya kuanza upya. Hiyo ni 30,000 kwa mwaka. Kulikagua mara mbili kwa mwaka, tuseme 20,000. Jumla 50,000 kwa boya moja. Ukitoza 1,000 kwa usiku, lazima lilaliwe usiku 50 ndipo lijilipie. Maboya matano ni usiku 250. Nahodha amesema kweli: hao wageni hawapo.

Nahodha wa Matanga

Asante fundi. Nilitaka mtu aseme hivyo.

Wakili wa Milimani

Naongeza upande wa sheria kwa ufupi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka maziwa katika ardhi ya umma iliyo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo asitokee mtu, awe wa kaunti au wa gati, akadai kodi ya maji kana kwamba ni shamba la babake. Lakini kifungu cha 209 kinaruhusu serikali zote mbili kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Huduma ikiwepo, ada ipo; huduma isipokuwepo, mnatozwa kwa lipi? Aliyewatoza wale wageni elfu mbili kisha akawafukuza usiku alipokea pesa za huduma ambayo hakuitoa.

Na vyombo vyenyewe vina mamlaka ya bahari inayosimamia usalama wake, kwa hiyo msianze kuzamisha mazege kimyakimya.

Mvuvi wa Dunga

Nawasikia mkigawana ziwa.

Mimi nimezaliwa hapa Dunga. Kila mwenye wazo jipya huanzia mbele ya nyavu zetu. Walikuja wa vizimba vya samaki, sasa ukienda usiku ni kamba na maboya kila upande. Injini ikinasa kamba usiku wa kuvua omena (dagaa), na taa zimeshawashwa, hasara ni ya nani? Sasa mnaleta zege. Wavu ukikwama kwenye zege hautoki, unakatwa. Wavu mnajua bei yake?

Kule baharini, Watamu na Kisite, wameweka maboya ili nanga zisivunje matumbawe. Hiyo naielewa. Sisi matumbawe hatuna. Tuna mafunjo, na kando ya mafunjo ndipo samaki ngege anapotaga. Mkiniambia boya litazuia watu kutupa nanga kando ya mafunjo ya Dunga, hapo nitakaa chini niwasikilize. Mkiniambia ni kwa ajili ya mtu alale vizuri, alale hotelini.

Mwenye mada

Mzee wangu wa Dunga, shikamoo. Umenipa sababu bora kuliko yangu, na ninaichukua.

Fundi, hesabu yako siipingi. Ila umehesabu boya kana kwamba linafanya kazi usiku tu. Pale Dunga mchana kuna mashua za kutembeza watu: wa kuangalia viboko, wa kuangalia ndege wa mafunjo, wanafunzi wa shule. Zote zinapandishwa mchangani au zinafungana ubavu kwa ubavu zikigongana. Boya ambalo mchana linatumiwa na mashua ya utalii kwa ada ndogo ya mwezi, na usiku linapewa mgeni, halisubiri yoti kutoka Mwanza ili lijilipie. Gharama yenu ya 50,000, ukiigawa kwa mashua tatu za hapa zinazopokezana, kila moja inalipa chini ya 1,400 kwa mwezi hata kabla mgeni mmoja hajafika. Pesa ya mgeni inakuwa ya juu: inaweza kulipa kijana wa mashua ya kuwashusha, nao wakafika kwa Mama Samaki.

Kwa Nahodha: hutaki kufunga kwenye kitu usichokijua, na una haki. Ndiyo maana naikataa habari ya bure. Boya la bure halina mtu wa kuulizwa. Nataka risiti ya ada iwe na mambo mawili yameandikwa: uzito wa juu wa chombo ambacho boya linaruhusu, na tarehe mpiga mbizi alishuka mara ya mwisho. Lipa kwa simu, ujumbe unaingia na tarehe hiyo. Tarehe ikiwa ya mwaka juzi, tia nanga yako na usilipe hata shilingi.

Nahodha wa Matanga

Kwa tarehe iliyoandikwa ningelipa. Hata zaidi ya elfu. Kwenye Visiwa vya Virgin vya Uingereza watu wanalipa makumi ya dola kwa usiku na hawanung'uniki, kwa kuwa ikitokea shida kuna wa kuwajibika. Lakini muweke kikomo cha kukaa. Kuna watu wakipata boya zuri wanahamia.

Mama Samaki

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Fundi wa Mashua

Nakubali hesabu ya kupokezana, kwa sharti la urefu wa mnyororo. Mnakumbuka kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja, hoteli za ufukweni zikaingia maji. Aliyepima mnyororo wake kwa maji ya 2018 bila ziada, boya lake lilizama au likainua zege. Achieni ziada, na mtu apime kina kila msimu wa masika.

Kijana wa Kondele

Sawa, nimesoma hadi hapa. Hiyo kazi ya mashua ya kushusha wageni inaombwa wapi?

Mvuvi wa Dunga

Inaombwa kwa kamati yetu ya ufuo, kijana, na ujue kuogelea kwanza.

Mwenye mada, marahaba. Sijakubali, ila sijakataa. Sharti langu: hakuna zege litakalozama kabla ya sisi wa ufuo kuonyesha nyavu zinapopita na gugu linapolala. Na kila boya liwe na taa inayoonekana usiku, si rangi tu. Njooni Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaamka, na kifaa cha kupimia mahali, nitawazungusha kutoka Hippo Point hadi kwetu. Mashua yangu, mafuta yenu.