Tupeane uzoefu: ukungu unaojificha ndani ya nyumba, watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe njooni hapa

Mwanzisha mada, Uyole

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Naomba uzi huu uwe wa kupeana uzoefu kuhusu ukungu unaoota ndani ya nyumba sehemu ambazo mtu hazioni, nyuma ya kabati, juu ya siling bodi, chini ya kapeti, ukutani nyuma ya kitanda. Huku kwetu mvua zikianza Novemba ni mpaka Aprili, na wa Rungwe ndo wanajua zaidi maana kule Mei bado inanyesha, halafu ikikatika tu baridi ya Juni na Julai inaingia, kila mtu anafunga madirisha na nguo zinaanikwa ndani, yaani nyumba haipati nafasi ya kukauka.

Naanza na ya kwangu. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa anakohoa usiku tu, mchana anacheza vizuri, ikifika saa nane usiku kifua kinabana mpaka unakisikia kinapiga filimbi. Dawa za kikohozi tulinunua mpaka basi. Likizo akaenda kwa bibi yake Igurusi kule bondeni kwenye joto, kikohozi kikatulia, karudi nyumbani wiki haikuisha kikaanza tena. Daktari mmoja ndo akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kutuuliza, huyu mtoto analala chumba gani na hicho chumba kina harufu gani. Tukaenda kuvuta kabati la nguo. Ukuta wa nyuma mweusi kuanzia chini mpaka usawa wa goti, mgongo wa kabati ukiugusa kidole kinazama, viatu vya shule vilivyokuwa chini vimeota manyoya ya kijani. Upande wa pili wa huo ukuta ni bafu. Jirani akanishauri nifunge koki zote za ndani halafu niende kusimama kwenye mita ya maji, na kweli, koki zote zimefungwa lakini kile kigurudumu kidogo kwenye mita kinazunguka taratibu hakisimami. Paipu iliyochimbiwa ukutani ilikuwa inavuja kwenye kiungo.

Mtoto tulimhamisha chumba siku hiyohiyo, paipu ikatengenezwa kwanza, kusafisha kukafuata. Kukohoa usiku kumepungua sana ila pumu anayo na kliniki anahudhuria, sitaki mtu aelewe kwamba ukuta ukisafishwa na pumu inaisha.

Nyie wenzangu mliukuta wapi na mlifanyaje?

Mama wa Katumba, Tukuyu

Ndaga mtoa mada, pole kwa mtoto. Sisi ulitokea juu. Dari ya jipsamu sebuleni iliweka doa la kahawia, fundi akaitwa akapiga rangi juu yake, doa likapotea, mvua za Machi likarudi kubwa zaidi na lingine pembeni. Ila kilichonisumbua zaidi ni harufu, ukiingia tu kutoka nje unapokelewa na harufu ya gunia lililolowa likasahauliwa stoo, ukikaa nusu saa pua inazoea husikii tena, wageni ndo wanaisikia.

Kijana wangu akapanda darini na tochi. Raba za misumari ya bati zimepasuka kwa jua, maji yanaingia pale kwenye msumari, yanatambaa na mbao mpaka mbali kabisa na palipotoboka ndo yanadondoka, kwa hiyo lile doa la sebuleni lilikuwa halipo chini ya tundu. Na upande wa juu wa jipsamu ambao hatuuoni ulikuwa mweusi eneo kubwa kuliko doa lenyewe. Ile bodi imefunikwa karatasi pande zote mbili na karatasi ikilowa ukungu unaipenda mno, ukishaingia humo hautoki kwa kufuta.

Tulifanya hivi. Misumari na raba zikabadilishwa kwanza. Tukazima meni swichi maana waya za taa zinapita humohumo kwenye unyevu. Viti vyote nje, mlango wa kwenda vyumbani tukauziba kwa nailoni, madirisha ya sebule wazi. Fundi akavaa barakoa ile nzito ya N95, miwani na glavu, akapulizia maji kidogo zile bodi ili vumbi lisiruke, akakata vipande akavitia kwenye mifuko palepale ndani na kufunga midomo ndo vikatolewa. Hakuna kubeba bodi yenye ukungu wazi ukapita nayo koridoni mpaka jikoni, ile vumbi yake ndo mbegu zenyewe.

Fundi ujenzi, Ipogolo Iringa

Kamwene wote. Nimejenga na kukarabati Iringa, Mafinga mpaka Njombe, niongezee hapa kwa upande wa ufundi.

Kitu cha kwanza kabla hujashika brashi jiulize maji yanatoka wapi. Kama yanatoka chini ya msingi, dalili ni mstari wa unyevu unaopanda kuanzia sakafuni, mara nyingi haufiki juu zaidi ya mita moja. Hapo ni nyumba haikuwekwa ile karatasi ya DPC, ya kuzuia unyevu usipande ukutani, juu ya msingi, au iliwekwa ikachanika, au ilikuwepo nzuri kabisa halafu mwenye nyumba akajaza kifusi nje au akamwaga zege la baraza likapita usawa wa DPC, maji yakapata njia ya kuiruka. Hiyo ya mwisho nakutana nayo sana na dawa yake ni koleo, chimba udongo ushuke chini ya DPC, weka mtaro na gata, maji ya bati yaende mbali na ukuta. Kama yanatoka juu ni bati au kofia ya paa. Kama yanatoka katikati ya ukuta ni paipu, na ule mtihani wa mita aliousema mtoa mada ni mzuri sana.

Halafu kuna maji ambayo hayatoki popote, ni nyie wenyewe. Watu watano wamelala chumba kimoja madirisha yamefungwa, nguo zimeanikwa ndani, maharage yanachemka jikoni, mvuke wote huo unakwenda kutua kwenye ukuta wa baridi zaidi, na huo ni ule wa nje nyuma ya kabati ambako hewa haipiti. Ndo maana hata Iringa mjini ambako mvua si nyingi kama Tukuyu ukungu upo, na unakuja Juni wakati mvua hakuna, watu wanashangaa.

Kutofautisha ni rahisi na ni bure. Kata kipande cha nailoni inayoonyesha, ukubwa kama daftari lililofunguliwa, futa ukuta ukauke, bandika kwa selotepu pande zote nne hewa isipite, acha siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta nailoni imelowa upande wa kwenu wa chumbani, ni mvuke wenu, hapo usilipe fundi kubomoa plasta, sogeza kabati liachane na ukuta kama upana wa kiganja, fungua dirisha asubuhi na jioni hata kama baridi inauma, na yale matundu ya hewa juu ya madirisha mliyoziba kwa matambara yazibueni.

Na ule unga mweupe unaotoka kwenye tofali za kuchoma au plasta sio ukungu. Ile ni chumvi. Dondoshea maji, chumvi inayeyuka, ukungu hauyeyuki. Ila chumvi nayo inakuambia maji yanapita hapo.

Mkazi wa Mwanjelwa

Mkuu na rangi za kuzuia fangasi zinasaidia? Na mimi nilikuwa nachanganya jiki na dawa ya choo ili iwe kali zaidi, ni sawa?

Muuguzi, Njombe

Kaka hapo kwenye kuchanganya ACHA kabisa nakuomba. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, hata siki, inatoa gesi ya klorini, ikikutana na kitu chenye amonia inatoa gesi nyingine mbaya vilevile, na bafu zetu ndogo hazina dirisha la maana, mtu anaweza kuumia mapafu kabisa. Jiki itumie peke yake, isizidi kikombe kimoja kwenye lita nne za maji, mlango na dirisha wazi. Na kwenye vitu vigumu visivyonyonya maji kama vigae, vioo, sinki inafanya kazi, lakini kwenye jipsamu au mbao laini inaishia juu, unaona pameng'aa wiki mbili tatu halafu weusi unarudi. Kwa ukuta wa kawaida maji ya sabuni na brashi, unalowesha kwanza ndo unasugua, usisugue ukuta mkavu, halafu unaukausha kabisa. Ukungu hata ukishakufa mabaki yake bado yanamsumbua mwenye pumu, kwa hiyo lengo ni kuutoa, kuuua peke yake haitoshi.

Kama eneo ni dogo, tuseme halizidi mita moja ya mraba, mtu mzima mwenye afya anaweza kulifanya mwenyewe akiwa na barakoa, glavu na miwani. Likizidi hapo au kama maji yaliyolowesha ni ya choo, tafuta fundi mwenye vifaa. Mwenye pumu, mjamzito, mtoto, mzee, na yeyote ambaye kinga yake iko chini asishiriki kabisa na asikae ndani wakati wa kazi.

Mambo mawili naomba yasipotee humu. Mkisikia ukungu unaleta kikohozi msije mkakaa nacho nyumbani mkisema ni ukuta tu, kikohozi cha wiki mbili na zaidi nenda ukapime makohozi, kifua kikuu kipo. Na la pili, kuingiza jiko la mkaa chumbani ili likaushe ukuta au lipashe joto usiku, na kwetu Njombe na Makete hili linafanyika sana, ile hewa ya mkaa haina harufu wala rangi na mtu hawezi kuamka kuifungulia mlango. Heri ukuta ulowe.

Na wanaosema ukungu haujawahi kuua mtu, Uingereza, mji wa Rochdale, mwaka 2020 alifariki mtoto wa miaka 2, uchunguzi wa kisheria mwaka 2022 ukasema ni kwa sababu ya kuishi muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu, wazazi walikuwa wameshalalamika na nyumba haikutengenezwa. Wametunga mpaka sheria yenye jina lake inayombana mwenye nyumba za kijamii, zile za kupangishwa watu wa kipato cha chini, atengeneze ndani ya muda maalum. Nasimulia kwa uchungu kwa sababu nawaona watoto wa namna hiyo wodini kila Julai.

Fundi ujenzi, Ipogolo Iringa

Asante sana dada. Kuhusu rangi, zile za kuzuia fangasi ni za mwisho kabisa, plasta ikishakauka. Plasta mpya inataka wiki kadhaa, na baridi yetu ni zaidi. Ukipaka juu ya ukuta uliolowa inafura mapovu na kubanduka yote.

Na wanaopiga dari ya mbao za paini, nunueni iliyokauka. Mbao mbichi ikishaanza kuweka michirizi ya bluu na nyeusi tayari fangasi ipo ndani yake, ukiifungia darini bila hewa mnaanza matatizo siku ya kwanza.

Mpangaji, Kihesa

Sisi wapangaji tunateseka zaidi maana unaoneshwa nyumba Septemba ukuta mkavu umepakwa rangi inanukia, unalipa miezi sita, Januari ndo unajua umehamia wapi. Siku hizi nikipelekwa na dalali nafanya yangu bila aibu. Nauliza kwa nini ukuta mmoja tu ndo una rangi mpya, au kwa nini rangi imeishia usawa wa kiuno. Nafungua makabati ya ukutani naingiza kichwa nanusa, napapasa kona za chini kwa mkono, naangalia chini ya sinki, nainua ukingo wa kapeti. Halafu namuuliza mpangaji wa chumba cha pembeni, huyo hana sababu ya kunificha.

Nilipohamia hapa nilipo niliomba tuandike kwenye mkataba kwamba uvujaji wa paa na mabomba ni juu ya mwenye nyumba. Mzee hakuwa na shida. Ulipotokea unyevu jikoni nilimpigia picha kila sehemu, nikamtumia kwa meseji kwa adabu tu, shikamoo baba, pale jikoni maji yanaingia, tukakubaliana nitengeneze kwa risiti na ikatwe kwenye kodi. Mwenye nyumba wa kabla yake alikuwa ananiambia nafunga madirisha sana, na bati lilikuwa na tundu ninaloona nyota.

Mkulima, Mufindi

Mmesahau mahindi. Huku wengi tunaweka magunia chumbani kwa kuogopa wezi, yameegemea ukuta, chini ni sakafu ya simenti. Mahindi yakivunwa hayajakauka yanatoa unyevu chumba kizima na ukuta ukilowa nayo yanalowa, ukija kufungua gunia la chini kabisa ni kuvu. Hayo usiyapepete ukapeleka mashine, sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kupika, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Mimi nimepiga chaga za mbao, magunia hayagusi sakafu wala ukuta, na siingizi ndani mpaka punje ikitafunwa inalia kah.

Mkazi wa Mwanjelwa

Nashukuru muuguzi, jiki na ile nyingine nimetenganisha tayari. Swali langu la mwisho, godoro lililokuwa limeegemea ukuta lina madoa meusi upande mmoja, nalianika tu juani au?

Muuguzi, Njombe

Kama ni foronya, mashuka, mapazia, loweka kwenye maji ya moto na sabuni, anika jua kali, vinarudi kuwa salama. Godoro la sponji ukungu ukishaingia ndani hakuna jua litakalofika huko, najua ni hela nyingi ila usimlaze mtoto. Kama ni la mtoto anza na hilo wiki hii, hata alale kwenye mkeka na blanketi mbili wakati mnatafuta lingine.

Mwanzisha mada, Uyole

Asanteni sana wote. Nimeshabandika nailoni kwenye vyumba vilivyobaki. Nasubiri wa Makete, Mbozi na Songea nao waseme ya kwao.