Nina ufunguo mmoja tu wa IST, wa akiba naupataje?

Mzee wa Tabata
Wakuu, naomba mwongozo. Toyota IST ya 2004, modeli NCP61, nimeichukua mkononi mwa mtu, ufunguo mmoja. Kichwa kimepasuka, kitufe cha kufunga hakiitiki mpaka ukibinye kwa ukucha. Fundi mmoja anasema achonge ufunguo wa kawaida tu yaishe, mwingine anataka "kuprogramu chipu" kwa hela mara kadhaa ya hiyo. Nani mkweli? Na rimoti ya mtumba ya Ilala itakubali?

kitasa255
Mkuu, wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Hapo kuna vitu vitatu watu wanavichanganya: ulimi wa chuma unaozungusha swichi, chipu inayoruhusu injini iwake, na rimoti ya milango. Chipu haitumii betri kabisa, ndiyo maana rimoti ikifa gari inaendelea kuwaka.

IST za Japani zipo zenye imobilaiza (mfumo unaozuia injini kuwaka bila chipu yake) na zisizo nayo, kwa hiyo usikisie. Chukua foili ya jikoni, viringisha kichwa cha ufunguo mizunguko mitatu minne, ulimi ubaki nje. Ondoa funguo nyingine kwenye kishikizo, kisha washa. Ikiwaka na kutulia kama siku zote, haina chipu na ufunguo wa kawaida unatosha. Ikizunguka bila kuwaka, au ikiwaka na kuzima palepale, ina chipu, na ufunguo uliochongwa mtupu utaishia kufungua mlango.

Mama Nassoro
Naongezea kwenye kuchonga, maana ndiko watu wanakoliwa. Ufunguo wa miaka 20 umeshalika. Mashine ya kunakili inafuata ulimi kama ulivyo, inabeba ulikaji wote na kuongeza kosa lake. Matokeo yake unafungua mlango vizuri, kwenye swichi unakwama. Tafuta mwenye mashine ya kompyuta, asome vina vya meno kisha achonge kwa vipimo vya kiwandani. Na usikubali kamwe nakala ichongwe kutoka kwenye nakala.

Ukikwama usiulazimishe, ukikatikia ndani unafungua swichi nzima. Usitie mafuta pia, yanashika vumbi na kuwa tope. Saga risasi ya penseli, paka kwenye ulimi, ingiza na kutoa mara kumi hivi.

rimoti_na_chipu
Twende kwenye rimoti. Kabla ya kununua, fungua hiyo uliyonayo. Pima betri kwa mita: mpya inasoma volti 3 na ushee, ikiwa chini ya 2.7 badilisha. Soma namba iliyoandikwa juu ya betri yenyewe, maana CR2016 na CR2032 zina upana uleule ila unene tofauti. Nyembamba mahali pa nene inacheza na kukatakata. Kitufe kinachotaka ukucha kwa kawaida ni swichi ndogo kwenye bodi imechoka. Fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu anaichomoa na kulehemu nyingine.

Kumulika rimoti kwa kamera ya simu kama ya TV hakusaidii, hizi zinatuma ishara kwa mawimbi ya redio, si kwa mwanga.

Ukibadilisha ganda ndipo pa kuwa makini. Kwenye gari zenye chipu, kuna kijiwe cheusi cha kama milimita 12 kimejificha ndani ya plastiki. Watu wanahamisha bodi, wanatupa ganda la zamani na kijiwe chake, halafu gari haiwaki na lawama zinaenda kwenye betri.

Mzee wa Tabata
Nimejaribu foili, mizunguko minne. Imewaka na kutulia. Kwa hiyo chipu hakuna?

kitasa255
Hakuna. Chonga funguo za kawaida, mbili kwa mpigo. Yule wa chipu mwambie asante.

rimoti_na_chipu
Rimoti ya mtumba ya aina hii inaweza kukubali, mradi namba ya bodi na masafa vifanane na yako. Za Japani na za Ulaya hazipatani: za Ulaya nyingi ni megahezi 433, za Japani ziko kwenye 312 hadi 315. Rimoti inaweza kuwaka taa vizuri na gari isisikie kitu.

Kuisajili, Toyota nyingi za kipindi hicho hazihitaji mashine. Mlango wa dereva wazi, mingine imefungwa. Ingiza na kutoa ufunguo mara mbili ndani ya sekunde 5. Funga na kufungua mlango mara mbili. Ingiza na kutoa mara moja. Mlango tena mara mbili. Ingiza ufunguo, funga mlango, zungusha mpaka ON na kurudi: mara moja ni kuongeza rimoti, mara mbili ni kufuta zote na kuanza upya. Toa ufunguo. Loki zikijifunga na kujifungua zenyewe, umeingia kwenye usajili. Binya kufunga na kufungua kwa pamoja sekunde moja na nusu, achia, kisha binya kufunga peke yake sekunde moja. Loki zikicheza mara moja imekubali, mara mbili imekataa, rudia. Ukizubaa katikati gari inajitoa, na swichi ya mlango ikiwa mbovu (taa ya ndani haiitiki mlango ukifunguliwa) hutaingia kabisa.

Mama Nassoro
Wewe chagua ya kufuta zote, maana hujui mwenye gari wa kwanza alibaki na rimoti ngapi. Ila kabla ya kuanza weka zote mbili mkononi, ya zamani nayo itafutika, uisajili upya hapohapo. Na ulimi haufutiki kwa rimoti. Kama huna imani naye, mpe fundi kitasa cha mlango na swichi abadilishe mpangilio wa vibati vya ndani, halafu ndio uchonge hizo funguo mbili.

Mzee wa Tabata
Kwa hiyo kitasa kwanza, kuchonga baadaye. Nilikuwa naelekea kuchonga leo jioni, ngoja nisubiri.